Nyongeza ya mvutaji sigara kwenye bima ya afya: nani hasa anailipa?

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hiyo ndiyo hoja nzima ya wanaotaka mvutaji sigara alipe bima ghali kuliko mwenzake, na si hoja ya kubeza. Ila ukiikokotoa nyongeza yenyewe, hasa Marekani ambako imeruhusiwa kisheria, utakuta anayeumia zaidi si anayevuta pakiti nyingi. Ni yule mwenye kipato kidogo.

Tangu Januari 2014, kwa bima anayojinunulia mtu mwenyewe na zile za waajiri wadogo, sheria ya mwaka 2010 ambayo wengi wanaiita Obamacare inaruhusu ada kupangwa kwa mambo manne tu: umri, eneo unakoishi, unajikatia peke yako au na familia, na tumbaku. Kisukari, presha, saratani uliyowahi kuugua, jinsia, hivyo vyote ni marufuku kuviangalia. Kwa hiyo tumbaku ndiyo tabia pekee iliyoachiwa mlango. Mlevi wa kila siku na anayeendesha pikipiki bila kofia hawaulizwi kitu.

Kampuni inaweza kumtoza mvutaji hadi mara 1.5 ya ada ya asiyevuta. Hicho ni kikomo, si lazima, na majimbo yana ruhusa ya kukishusha. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island na Vermont yameifuta nyongeza kabisa, pamoja na mji mkuu Washington. Kwa hiyo watu wawili wenye umri mmoja na pakiti ile ile mfukoni wanaweza kulipa ada tofauti kabisa kwa sababu tu mmoja anaishi ng'ambo ya mpaka wa jimbo.

Sasa tuje kwenye ruzuku, maana hapo ndipo penye utata. Serikali inamsaidia mwenye kipato kidogo kulipa ada, lakini ruzuku hiyo hukokotolewa kana kwamba havuti. Nyongeza ya tumbaku yote inabaki juu yake. Chukua mfano wa ada ya dola 600 kwa mwezi, ruzuku ikiwa dola 500. Asiyevuta anatoa 100 mfukoni. Mvutaji mwenye kipato hicho hicho ada yake inapanda hadi 900, ruzuku inabaki 500 ile ile, naye anatoa 400. Kwenye karatasi imeandikwa asilimia 50. Mfukoni ni mara nne. Tajiri asiyepata ruzuku yeye anatoka 600 kwenda 900, na kwake asilimia 50 ni asilimia 50 kweli.

Umri nao unazidisha. Sheria inaruhusu mzee wa miaka 64 atozwe hadi mara tatu ya kijana wa miaka 21, kisha nyongeza ya tumbaku inawekwa juu ya ada iliyokwisha kupanda. Kijana mwenye ada ya 300 anaongezewa 150 akivuta. Mzee mwenye ada ya 900 anaongezewa 450, na huyo ndiye anayehitaji daktari kuliko wote.

Watetezi wa nyongeza husema mvutaji anaitia bima gharama. Kwa mwaka mmoja mmoja ni kweli: ukiwapanga watu wa umri mmoja, wavutaji wanatibiwa kwa fedha nyingi zaidi. Lakini utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1997 uliokokotoa gharama za maisha yote ulikuta kinyume, yaani asiyevuta ndiye anayegharimu zaidi mwishowe, kwa sababu anaishi muda mrefu na uzee una magonjwa yake. Ufuatiliaji wa madaktari wa Uingereza ulioanza mwaka 1951 ulionyesha kwamba anayevuta bila kuacha anapoteza takriban miaka kumi ya kuishi. Ni hesabu ya kikatili, nakubali, na hakuna mwenye akili atakayesema watu wavute ili wafe mapema. Ila inabomoa dai la kwamba nyongeza inarudisha deni. Bima hukatwa kwa mwaka, kwa hiyo kampuni ina haki ya kuangalia mwaka. Jamii nzima haina sababu ya kujidai inadai.

Je, nyongeza inawafanya watu waache? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba ilipunguza idadi ya wavutaji waliokata bima, na haikuongeza walioacha sigara. Ndivyo inavyotarajiwa: mtu akiona 400 badala ya 100, la haraka ni kuachana na bima, si kuachana na nikotini. Na akishatoka kwenye bima anapoteza dawa za kumsaidia kuacha. Linganisha na jaribio lililofanywa kwa wafanyakazi 878 wa General Electric, kampuni kubwa ya Marekani, na kuchapishwa mwaka 2009. Waliolipwa hadi dola 750, kwa awamu, wakithibitisha wameacha, asilimia 14.7 walikuwa bado hawavuti miezi tisa hadi kumi na miwili baadaye. Wasiolipwa walikuwa asilimia 5. Zawadi ilifanya kazi ambayo adhabu ilishindwa.

Ukijaza fomu ya bima ya kujinunulia, jua swali la tumbaku linauliza nini hasa. Mtumiaji wa tumbaku kisheria ni aliyetumia kwa wastani mara nne au zaidi kwa wiki ndani ya miezi sita iliyopita. Ugoro na tumbaku ya kutafuna vinahesabiwa, matumizi ya ibada za kidini hayahesabiwi. Anayevuta sigara moja moja harusini jibu lake la kweli ni hapana. Anayevuta kila siku akidanganya, kampuni ikigundua inaweza kumdai nyongeza yote ya mwaka huo wa bima kuanzia mwanzo, lakini haiwezi kufuta bima yake kwa sababu hiyo.

Bima ya mwajiri mkubwa ina kanuni nyingine. Nyongeza inaweza kufika nusu ya gharama yote ya bima ya mfanyakazi mmoja, ukijumlisha na sehemu anayolipa mwajiri, kwa sharti kwamba kuna njia mbadala ya kuikwepa, kwa kawaida kozi ya kuacha sigara. Ukimaliza kozi unastahili punguzo kamili hata kama bado unavuta. Waajiri wengi huteleza hapa: wanaificha kozi kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, au wanaanza kutoa punguzo mwezi uliomaliza badala ya mwanzo wa mwaka. Wapo waliofikishwa mahakamani na wafanyakazi wao kwa hilo.

Mwajiri akitaka kupima, kipimo cha kawaida ni kotinini kwenye mkojo, mate au damu. Kotinini ni kile kinachobaki mwili ukishaichakata nikotini, kwa hiyo kipimo hakijui imetoka wapi. Aliyeacha sigara na sasa anatumia kibandiko au chingamu ya nikotini atasomeka mvutaji. Aseme kabla ya kupimwa, na aombe kipimo cha anabasini, kemikali iliyomo kwenye tumbaku yenyewe ambayo kibandiko hakina.

Dawa za kuacha hazipaswi kukugharimu. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2014 unataka bima nyingi zigharamie majaribio mawili kwa mwaka bila mgonjwa kuchangia: kila jaribio na vikao vinne vya ushauri vya angalau dakika kumi, na dawa ya siku 90 kati ya zilizoidhinishwa, ikiwemo vibandiko, chingamu, bupropioni na vareniklini. Hata chingamu inayouzwa bila cheti omba daktari aiandike, maana bila cheti duka la dawa litakutoza. Kisha piga hesabu ya kalenda. Soko la bima la serikali kuu hufungua usajili 1 Novemba, na anayetaka kujibu hapana siku hiyo bila uongo anatakiwa awe amezima sigara ya mwisho kabla Mei haijaanza.