Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa mstari wa mishale, Jambiani

Saa 12 asubuhi

Kabla ya chai naenda nyuma ya shabaha. Mshale uliokosa unakwenda huko, kwa hiyo kazi inaanzia huko. Kuna tuta la mchanga linalozidi kimo cha mtu, na mbele yake umetundikwa wavu. Naushika na kuusukuma kwa mkono: lazima ulegee, ucheze kama pazia. Ukikazwa kama ngozi ya ngoma, mshale unaupasua na kupita. Ukilegea, unarudi nao nyuma mpaka nguvu zinaisha. Wapo wanaoshauri tutundike nyavu za kuvulia, ati zimejaa pwani na bei yake ndogo. Hazifai. Tundu la wavu wa samaki linapitisha uti wa mshale bila hata kuugusa.

Uwanja umetazama kusini, sambamba na ufukwe, bahari mkono wa kushoto. Kila mpya anayeajiriwa hapa hotelini huuliza kwa nini shabaha zisielekee baharini, picha zingependeza. Leo bamvua: maji yatakauka kwenye saa 4, na kuanzia saa 2 wakinamama wa mwani watakuwa wanateremka na kamba na viroba vyao. Upinde wenye mvuto wa ratili 20, mwepesi kabisa kwa mtu mzima kuuvuta, ukielekezwa juu unaweza kupeleka mshale zaidi ya mita 100. Basi picha zipigwe kwengine. Kutazama kusini kunatusaidia na jua pia: asubuhi liko bavuni kushoto, jioni bavuni kulia, halimwingii mtu machoni. Na mwezi huu wa Julai, kusi inatupiga usoni zaidi kuliko ubavuni.

Halafu natazama juu, kwenye minazi. Mkwezi akiwa kileleni nyuma ya tuta, aliye chini hamwoni. Tumekubaliana hivi: bendera nyekundu ikiwa juu ya mlingoti, hapandi mtu, ikishuka, ruhusa.

"Shikamoo ami. Leo tuna mashindano, bendera itakaa mpaka jioni."

"Marahaba. Basi madafu yenu mtayapata magharibi."

Saa 1

Chai na mkate wa maji, huku mishale imelala mezani. Pinde 8, podo 8, kila podo mishale 6: jumla 48. Nambari hiyo naiandika ubaoni, maana ndiyo itakayofunga siku.

Mshale mmoja mmoja unapita mikononi. Nautazama kwanza nyuma, kwenye kile kijino cha plastiki kinachopachikwa kwenye ugwe. Ufa mdogo hapo haumsamehi mtu: kijino kikipasuka wakati wa kuachia, ugwe unakwenda mtupu. Kisha uti. Mishale ya kaboni naikunja taratibu karibu na sikio, nikiizungusha. Ikilia, kama ubua mkavu unaovunjika, nauvunja vipande viwili palepale na kuutupa, asije mtu akauokota akadhani ni mzima. Kaboni yenye ufa ikiachiwa kwa nguvu inaweza kupasuka njiani na vibanzi vyake vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Ya aluminiamu kazi yake nyepesi: unaibiringisha juu ya kioo, iliyopinda hurukaruka.

Asubuhi hii mishale miwili imetoka. Nimechukua miwili ya akiba, 48 imebaki 48.

Saa 2

Kuvalisha ugwe. Kuna watu bado wanaupitisha mguu ndani ya upinde na kuukunja kwenye paja, kama sinema. Ndivyo mbao za upinde zinavyopata msokoto usioondoka tena, na siku mguu ukiteleza upinde unaruka usoni. Tumia kamba ya kuvalishia: vifuko viwili kwenye ncha, kanyaga katikati, vuta mpini juu, telezesha kitanzi cha ugwe mpaka kikae kwenye mkato wake. Kabla hujaachia, hakikisha ncha zote mbili kwa kidole, si kwa macho tu.

Napima nafasi baina ya ugwe na mpini. Kwa pinde zetu za inchi 68 naitaka inchi 8 na nusu hivi. Joto la hapa hunyoosha ugwe, nafasi inapungua, na mtu wa kwanza kujua ni mgeni anayechapwa ndani ya mkono wa upinde. Ikipungua, vua kitanzi kimoja, songoa ugwe mizunguko mitano, rudisha, pima tena. Ugwe ukianza kufumka nyuzi, nta ya nyuki. Uzi mmoja ukikatika, ugwe wote unabadilishwa; hakuna kufunga fundo. Na kwa kuwa hewa ya chumvi inakula skrubu, kila moja inapata tone la mafuta ya cherehani mara moja kwa wiki.

Saa 3 hadi saa 5 na nusu

Makundi ya wageni, nane nane, dakika 40 kila kundi. Hapa mambo ni yaleyale kila siku, lakini ndipo panapoumiza watu, basi nitayasema.

Urefu wa mshale. Anayeanza anyooshe mikono yote miwili mbele, mshale uanzie kifuani upite baina ya viganja. Uzidi ncha za vidole kwa inchi 2 au zaidi. Mshale mfupi, mtu akivuta mpaka mwisho, ncha inarudi nyuma ya mahali pake pa kukaa na kuangukia kwenye ngumi. Akiachia hapo, anajipiga mwenyewe. Ndiyo maana mishale yote ya wageni ni mirefu, inchi 30 hadi 32, hata kwa mtoto.

Nguo. Kanga iliyoning'inia, mtandio, mkufu, nywele ndefu, kamba ya kamera: vyote vinafungwa au vinavuliwa. Ugwe haubagui. Viatu vya kufunika vidole, kwa sababu ya mshale ulioingia ardhini.

Kijana wetu wa mafunzo ameanza kutoa amri leo. Filimbi mbili, wafike mstarini. Moja, waanze. Tatu, wakachukue mishale. Tano au zaidi, kila mtu asimame kama alivyo, aurudishe ugwe taratibu bila kuachia, kisha arudishe mshale kwenye podo. Anazijua kwa moyo. Alichosahau ni mshale ulioanguka. Bibi mmoja aliuangusha nusu hatua mbele ya mstari na akainama kuufuata, huku wenzake wameshavuta.

Filimbi tano nilizipiga mimi.

"Mwalimu, si ulikuwa karibu tu?"

"Karibu na nini? Pima kutoka kichwa chake mpaka mshale wa jirani."

Sheria: mshale ukianguka mbele ya mstari na huwezi kuuvuta kwa ncha ya upinde bila kuhama miguu, umeshapigwa. Hesabu umekosa. Utauchukua na wenzake.

Kuchukua nako kuna adabu yake. Hatukimbii kwenda kwenye shabaha, maana vijino vya nyuma vya mishale iliyosimama viko sawa na macho ya mtoto na tumbo la mtu mzima. Unakaribia kutoka upande. Mkono mmoja umelala kwenye karatasi ya shabaha, mwingine unashika uti karibu kabisa na shabaha, unavuta kwa mstari ulionyooka. Tazama nyuma yako kwanza; anayesimama mgongoni mwako ndiye anayechomwa.

Saa 6 mchana

Adhuhuri, chakula, kivuli. Pinde zinatundikwa chini ya makuti. Upinde ulioachwa ndani ya gari lililofungwa mchana wa Unguja gundi ya tabaka zake inalainika, na tabaka zikishaachana hakuna fundi wa kuzirudisha.

Saa 9 alasiri

Tunapanga uwanja wa mashindano ya kasi ya wafanyakazi. Kanuni zake tumeziazima kwenye mchezo wa bunduki na bastola ulioanza Marekani mwaka 1981, unaoitwa Steel Challenge. Kule, kwenye vituo vingi, mpigaji anasimama sehemu moja mbele ya sahani 5 za chuma, ya mwisho ni ya kusimamisha saa. Anarudia mara 5, mzunguko wa polepole kuliko yote unafutwa, inayobaki inajumlishwa. Sahani uliyoikosa inaongeza sekunde 3. Mzunguko hauzidi sekunde 30. Wote uwanjani, watazamaji nao, wanavaa miwani ya kinga, kwa vile risasi ikigonga chuma vipande vinarudi. Mdomo wa silaha ukigeuka kuelekea nyuma, safari ya nyumbani hiyohiyo.

Sisi badala ya chuma tunaweka maputo. Yanajibu papo hapo kama sahani inavyolia: limepasuka au halikupasuka, hakuna ubishi. Manne meupe, moja jekundu la kusimamishia saa, kwa umbali wa mita 8, 10 na 12. Tumejifunza kuyapuliza ukubwa wa dafu dogo tu. Likijazwa mpaka likawa jembamba, jua linalipasua lenyewe na mtu anadai alama. Lifungwe sehemu mbili, juu na chini, au kusi italichezesha. Mwisho wa mzunguko kwetu ni sekunde 60, maana upinde haujipakii.

Saa 10

Maji yamejaa. Ufukwe umebaki mwembamba na wapita njia wanatembea ubavuni mwa ukuta wetu kabisa. Kijana anakaa upande wa bahari na filimbi yake. Akipiga, kila kitu kinasimama, hata saa ya bingwa.

Anapiga mmoja mmoja. Wengine wako mita 5 nyuma, podo zao ukutani. Mpigaji anaanza upinde umeelekea chini, mishale 7 kiunoni, hakuna uliopachikwa. Miwili ya ziada ni ya kurudia ulipokosa. "Tayari?" Kimya ni ndiyo. "Subiri." Kisha filimbi, baada ya sekunde 1 hadi 4, asiikariri.

Kasi haiko kwenye kulenga. Mpishi wetu, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, alipiga mzunguko wa kwanza kama anayefukuza kuku: maputo mawili, mishale mitano ikapita chini. Kupita chini kuna sababu moja kubwa, nusu mvuto. Mtu mwenye haraka haufikishi ugwe kidevuni, upinde unatoa nguvu pungufu, mshale unazama. Vuta mpaka mahali pako palepale kila mara, hata kama roho inakimbia. Hesabu yenyewe nyepesi: ukiongeza nusu sekunde kwa kila mshale kati ya mitano, umelipa sekunde 2 na nusu. Puto moja ulilokosa ni 3.

Pa kuiba muda ni baina ya mishale. Podo ikae mbele ya nyonga badala ya mgongoni. Mishale iwe imepangwa, bawa la rangi tofauti likitazama nje, ili kidole gumba kilitambue bila macho kushuka. Macho yahamie puto linalofuata mara tu mshale uliotangulia ukigonga, mkono wa upinde ufuate baadaye. Ukianza na mkono, unalipita puto na kurudi. Na anza na puto la mbali wakati kifua bado kimetulia.

Hatari ya kasi ni moja hasa: kijino hakikuingia vizuri kwenye ugwe. Kikiingia kinalia "tik". Mzunguko wa tatu mpishi hakulisubiri. Mshale ulidondoka miguuni na ugwe ukaenda mtupu, ule mlio mkali kama bakora kwenye meza. Nguvu iliyokuwa ya mshale wote inarudi kwenye mbao. Mzunguko ulisimamishwa. Nilivua ugwe, nikapitisha kipande cha pamba kwenye mabega yote mawili ya upinde; pamba inanasa kwenye ufa ambao jicho halioni. Ilinasa kidogo chini ya mpini. Upinde huo leo umestaafu, na mpishi akapewa mwingine wa ratili zilezile na ruhusa ya kurudia. Wengine walinung'unika. Mimi naona ni haki: anayeogopa kupoteza mzunguko ataficha upinde uliopasuka, na atakayeuvuta kesho ni mgeni.

Kwa ushindi: msichana wa mapokezi, aliyekosa puto moja tu siku nzima.

Saa 11 jioni

Hesabu. 47.

Bendera inabaki juu. Mshale uliokosa haupotei hewani, unateleza chini ya mchanga na kulala bapa, na kesho asubuhi unamsubiri mtu pekupeku. Tunapiga reki kutoka pembeni kuelekea kwetu, mistari myembamba, hatusukumi mbele tukauzika zaidi. Kijana ameupata hatua 6 mbele ya tuta, vidole vinne chini, bado mzima ila bawa moja limeng'oka.

"Arobaini na nane, mwalimu."

Nakunja wavu, nashusha bendera. Ami ameshafunga kamba miguuni.