Pivo haibebi uzito kama tunavyodhani

Kila lori linapoingia garajini kwetu Lubumbashi likiwa na usukani mzito na matairi ya mbele yaliyolika upande mmoja, dereva hulaumu mzigo wa shaba. Mzigo una lawama yake, lakini si yote. Kingipini, yaani pini nene ya chuma iliyosimama wima ambayo gurudumu la mbele huizunguka linapokata kona, na ambayo sisi mafundi wa huku tunaiita pivo, haibebi uzito wa lori moja kwa moja. Uzito huo hupokewa na beringi bapa iliyokaa kati ya ncha ya ekseli na mkono wa chini wa kifundo kinachoshika gurudumu. Pivo yenyewe husukumwa ubavuni, kupitia bushi, yaani mirija mifupi ya chuma inayoivaa, moja juu na moja chini.

Kinachoitesa zaidi ni breki. Chukua ekseli ya mbele yenye tani 7, yaani tani 3.5 kwa kila gurudumu. Breki ikikanyagwa kwa nguvu kwenye lami kavu, barabara inaweza kulivuta tairi nyuma kwa nguvu ya tani 2 hivi. Tairi hugusa lami kama sentimita 50 chini ya kitovu cha gurudumu, ilhali bushi zimeachana labda kwa sentimita 20 tu. Basi urefu huo hufanya kazi ya mtaimbo, bushi ya juu ikapata tani 4 na ya chini tani 6.

Wiki iliyopita niling'oa pivo iliyothibitisha hesabu hiyo: juu bado inang'aa, chini ina mfereji unaonasa ukucha, na grisi imegeuka tope jekundu la kutu. Mwenye lori akaniomba tuijaze kwa kulehemu kisha tuichonge. Nikamjibu, "Hapana, mzee, hii haijazwi." Pivo hutengenezwa ngozi yake ya nje iwe ngumu isilike, na moyo wake huachwa na ulaini kidogo usikatike kwa kishindo cha shimo; moto wa kulehemu huharibu ugumu huo na huweza kuanzisha ufa. (Bei ya pivo mpya inauma, nakubali.)

Tulibadilisha pivo na bushi pande zote mbili. Kabla hajaondoka nilimwonyesha namna ya kupima: ekseli inyanyuliwe kwa jeki, msaidizi akanyage breki ili ulegevu wa beringi za gurudumu usitudanganye, kisha tairi litikiswe juu na chini. Likicheza hivyo hivyo, ni pivo.