Nilivyomaliza muhula na Windows za mashine pepe bila kukraki hata moja

Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya kujenga mtandao mdogo: seva ya Windows, kompyuta ya mtumiaji inayojiunga nayo, na mashine ya Linux (mfumo endeshi mwingine, si Windows) pembeni. Zote ziwe mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi, kwa kutumia programu ya VirtualBox. Laptopu yangu ni Dell ya mtumba, RAM GB 8, Windows 10 Pro imo humo humo tangu naichukua dukani. Fundi aliyeniuzia aliposikia habari hii akaniambia, "Dogo, leta elfu kumi nikuwekee za kukraki, unahangaika nini?"

Sikutaka. Nasomea kazi hii ili niifanye maisha yangu yote, na programu ya kukraki, iliyovunjwa ulinzi wa leseni ili itumike bila kulipiwa, hujui imebeba nini ndani.

Mwanzoni niliamini leseni ya laptopu inatosha, maana mashine hizo ziko ndani ya laptopu hiyo hiyo. Ndipo nikakaa kusoma masharti yenyewe, yale tunayoyakubali bila kuyatazama. Yanasema wazi: leseni moja ni nakala moja kwenye kifaa kimoja, kiwe cha kushikika au pepe. Laptopu ilishatumia ya kwake. Kila Windows ninayoiweka ndani inadai leseni yake.

Kilichoniokoa ni nakala za majaribio ambazo Microsoft yenyewe inazitoa bure. Windows Server inakupa siku 180, na Windows Enterprise ya mtumiaji siku 90. Ni za kujaribia na kujifunzia, si za kuendeshea ofisi ya mtu, na mimi nilikuwa najifunza. Nilizipakua kwa bando la usiku, maana kila faili ni GB kadhaa.

Hapo kwenye siku ndipo penye hesabu. Muhula wetu ni wiki 17, yaani siku 119. Ningeweka zote siku moja, ya mtumiaji ingekufa kabla ya mtihani. Siku zinahesabiwa hata mashine ikiwa imezimwa! Kwa hiyo seva niliiweka wiki ya 2, nikafanya kwanza mambo yote ya upande wake, ya mtumiaji nikaiweka wiki ya 6. Kila Jumatatu niliandika amri ya Windows slmgr /dlv kuangalia zimebaki siku ngapi. Seva ikiisha muda hujizima kila baada ya saa moja, na sikutaka kukutana na hilo mbele ya mhadhiri.

Kwa Linux nilichukua Debian, toleo la bure la Linux ambalo unaweka nakala nyingi utakavyo. Mwenzangu mwenye MacBook aliweka macOS, mfumo endeshi wa Apple, kama mashine pepe ndani ya macOS. Apple inaruhusu nakala mbili za ziada hivyo, ila juu ya kompyuta ya Apple tu. Kwenye Dell yangu hilo nililiacha.

Tuliwasilisha wiki ya 16. Seva ilikuwa na siku 82, ya mtumiaji 20. Jioni ile nilizifuta zote mbili, nikabaki na Debian, ambayo mpaka leo naitumia kwa mazoezi.