Uvimbe unaowafunga mikono askari wa mwili
Tangu shangazi aanze matibabu ya saratani ya matiti, nasoma kila ninachopata. Leo, kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimesoma habari za panya wa maabara waliopandikizwa saratani hiyo. Uvimbe ukikua, bandama nayo hutanuka, ikijaa chembe nyeupe changa ambazo, badala ya kupigana, huwazuia askari wa mwili, yaani chembe nyingine za kinga, wasiushambulie uvimbe. Yaani saratani inaitumia kinga ileile! Iliniuma.

Kisha nikapata nguvu: mwaka 1996 mwanasayansi wa Marekani James Allison na wenzake waliizuia CTLA-4, protini iliyo kama breki ya askari hao wa mwili, na panya wakaukataa uvimbe. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani 2011. Natamani mno kina shangazi wote wa Dar wazimudu dawa hizi.