Wiki za mwisho kabla ya ndege

Siku hizi kila meseji inayoingia kwenye simu yangu ina swali moja, unarudi lini. Nawaelewa kabisa na hata mimi nikiwa peke yangu najiuliza hivo hivo, ila natamani mtu aniulize saa hizi nafanya nini huku, kwa sababu ukisikia "karibu wanarudi" unaweza kudhani tumeshafunga mabegi na kazi imeisha tunasubiri ndege tu. Haiko hivo hata kidogo. Hizi wiki za mwisho ndo zina kazi nyingi kuliko miezi yote iliyopita, na nataka niandike nikiwa bado nimo ndani yake, maana najua nikisharudi nitasimulia mambo makubwa makubwa na haya ya kila siku yatapotea.

Mimi ni askari wa Tanzania, niko Jamhuri ya Afrika ya Kati, upande wa magharibi, kwenye misheni ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa inayoitwa MINUSCA. Kwa asiyejua, Baraza la Usalama liliianzisha Aprili 2014, mwaka mmoja baada ya waasi wa Séléka kuingia Bangui na kumwondoa Rais Bozizé, halafu yakazuka makundi ya anti-balaka ya kulipiza na raia wakaumia pande zote mbili. Mkataba wa amani ulisainiwa Februari 2019, na Desemba 2020 makundi kadhaa yakaungana tena kushika silaha. Kwa hiyo hii nchi imeshaonja amani na kunyang'anywa zaidi ya mara moja, na ukikaa na wazee wa vijijini unalisikia hilo kwenye kila wanachosema. Kijiji nilipo sitakitaja, wala siku ya safari, hayo ni mambo ya usalama.

Siku inaanza saa kumi na nusu alfajiri. Mchakamchaka ndani ya kambi, kuoga, chai, kisha tunahesabiwa. Kuhesabiwa kumeongezeka sana siku hizi, wanahesabiwa watu, silaha, risasi, redio, darubini, kila kitu kina namba yake na hiyo namba lazima mtu aione kwa macho yake mwenyewe asiambiwe tu ipo. Saa moja doria inatoka. Dereva ameshaangalia matairi, maji na oili, opereta amepima redio, kamanda wa doria anarudia maelekezo yale yale ya tangu siku ya kwanza, njia tunayopita, nani anakaa wapi, tukishambuliwa nani anafanya nini, risasi inatoka kwenye hali gani na hali gani haitoki. Yote tunayo kichwani, na hapo ndo hatari inapokaa, mtu akishajua kitu vizuri sana masikio yanafunga anasikiliza sauti tu.

Hili la akili kutangulia nyumbani kila askari aliyewahi kwenda misheni analijua. Unamwona mtu yuko kwenye lindo, silaha iko mkononi, macho yako mbele, lakini ukimsemesha anachelewa kujibu kidogo. Anahesabu ada za shule, anawaza kama mtoto atamkimbilia au atamwogopa, anawaza ile nyumba aliyoiacha haijaezekwa. Sio uvivu na sio woga, ni binadamu. Sajenti wetu wa platuni hagombi mtu kwa hilo, alichofanya ni kupangua zile pea za lindo zilizozoeana, ukikaa na mtu usiyemzoea huwezi kusinzia kwenye mawazo, na akafupisha zamu za usiku wa manane. Nilimheshimu sana kwa hilo kwa sababu angeweza kupiga kelele tu kama wengine na isingesaidia.

Na sababu ya kukaza sio nadharia. Desemba 7, 2017 kule Semuliki, eneo la Beni upande wa Kongo, wenzetu wa Tanzania waliokuwa kwenye misheni ya UN ya kule walishambuliwa kambini kwao jioni na 15 hawakurudi. Wengi tuliopo huku tunajua mtu aliyekuwa anamjua mmoja wao. Sina maneno makubwa ya kusema juu yao, nasema tu kwamba kila nikipanda lindo nawakumbuka, na nikiona mwenzangu ameegemea ukuta namwita jina lake nampigisha stori mpaka akae sawa.

Mchana ni karatasi. Nchi inapoleta kikosi kwenye misheni ya UN inakuwa na makubaliano ya vifaa, kwamba tunaleta magari kadhaa, jenereta kadhaa, mahema, jiko, vyombo vya kusafishia maji, na nchi inarudishiwa gharama kulingana na kile kilichopo na kinachofanya kazi. Sasa wakaguzi wanakuja wanazunguka na orodha, wanasema washa, gari liwake, wanasema zima, wanaangalia mpaka mitungi ya kuzimia moto kama imepitwa na muda. Mafundi wetu hizi siku wanalala wachache sana. Kuna kijana mmoja wa umeme ambaye nimemwona chini ya jenereta na tochi mdomoni usiku, kesho yake asubuhi yuko kwenye foleni ya chai kavaa kombati safi kama kawaida. Watu kama hawa picha zao hazitoki popote, na bila wao hakuna taa, hakuna redio, hakuna doria.

Lakini kazi inayonigusa zaidi, na ndo hasa iliyonifanya nikae niandike, ni kukabidhi. Simaanishi kukabidhi magari, hilo lina fomu. Namaanisha kuwakabidhi wanaokuja kile tunachokijua. Kamanda wangu alinipa jukumu la kuandika maelezo ya njia na vijiji vya eneo letu la doria na mwanzoni nikajua ni kazi ya jioni moja, bado naandika. Daraja lipi la magogo deraya haipiti mvua ikinyesha hata kama linaonekana zima. Mzee gani wa kijiji anataka asalimiwe kwanza na kamanda mwenyewe kabla mkalimani hajafungua mdomo. Siku gani akina mama wanakwenda mashamba ya mbali na wanataka kusikia gari letu likipita asubuhi kabla hawajatoka. Kisima kipi ambacho vijiji viwili vilishawahi kugombana. Na kubwa kuliko yote njia za ng'ombe, maana kiangazi kikianza kuanzia Novemba wafugaji wanashuka na mifugo kufuata majani na maji, wanakutana na mashamba ambayo hayajavunwa, na ugomvi wa ng'ombe kula muhogo wa mtu kwenye sehemu yenye silaha nyingi unaweza kuchoma kijiji kizima. Anayekuja mpya anaona ng'ombe tu. Sisi tulishajifunza kuuliza ni wa nani, wametoka upande gani na wamezungumza na nani.

Siku za karibuni tulisimama kwenye kijiji ambacho tumekuwa tukipita mara kwa mara. Mama mmoja anayeuza karanga kando ya barabara, ambaye siku za mwanzo alikuwa akituona anaingia ndani, alikuja mpaka kwenye gari akamuuliza mkalimani kama ni kweli tunaondoka. Habari zinatembea, sisi hatukumwambia mtu. Mkalimani akamjibu kwamba watakuja wengine. Yule mama akauliza, hao wengine wanatujua? Nilikosa jibu. Nilimshukuru kwa Kisango, lugha ya watu wa huku, singila mingi, kwa sababu ndo kidogo nilichoweza, akacheka kwa jinsi nilivyolitamka, halafu akarudi kwenye karanga zake. Hilo swali limekaa na mimi. Wao huku wamezoea kuona sura mpya kila baada ya mwaka hivi, kofia ni zile zile za bluu lakini wanaozivaa hawajui mtoto wa nani alitekwa, nani alirudi, nani bado anatafutwa. Kila rotesheni, yaani kikosi kikiondoka na kingine kikija, wanaanza kutueleza upya maumivu yao. Mimi naona, kwenye misheni yoyote ile, muda ambao wanaoondoka na wanaokuja wanafanya doria pamoja ungekuwa mrefu zaidi, na kiongozi mpya atambulishwe kwa mzee wa kijiji na yule anayeondoka, wakiwa wamesimama pamoja, wakipeana mikono mbele ya watu. Maelezo yangu yatasaidia, ila imani ya watu hauwezi kuikabidhi kwa karatasi.

Kingine ninachowaandikia wanaokuja ni orodha ya ahadi. Tulikatazwa kuahidi na tumejitahidi, lakini ukimwambia mtu "tutaangalia" yeye anahesabu ni ahadi. Kwa hiyo nimeandika kila sehemu ambapo mtu wetu alisema tutaangalia, ni lini, kwa nani, na limefika wapi. Kuna ombi la taa karibu na zahanati, kuna barabara ya kwenda shuleni iliyoliwa na maji. Anayekuja akute hayo, asije akaulizwa akashangaa na mwenye kuuliza akaona tumemdharau.

Gwaride la nishani limeshapita. Nishani ya UN unastahili ukishatimiza siku 90 za utumishi, na utepe wa kila misheni una rangi zake, wa huku nimeupokea na najivunia sana. Nikiiangalia nawaona wenzangu niliosimama nao mstari mmoja, na sijui kama tutakaa tena kambi moja.

Mabegi nayo ni shughuli. Polisi jeshi wanakagua kila begi, na wako sahihi. Maganda ya risasi ya ukumbusho hapana, ngozi za wanyama hapana, mawe hapana. Hili la mawe vijana wanaona ni jambo dogo ila magharibi ya nchi hii ni ya almasi, na almasi za huku zilizuiwa kuuzwa nje na mpango wa Kimberley, ule wa kimataifa wa kuzuia almasi za vita, tangu 2013 kwa sababu zilikuwa zinanunua bunduki, kuanzia 2016 wakaruhusu maeneo machache tu na zuio lote limeondolewa Novemba 2024. Askari wa amani kukutwa na kijiwe kwenye soksi ni aibu ya kikosi kizima na nchi nzima. Nimewaambia wadogo zangu wa seksheni kwa mapenzi kabisa, mtu akikupa zawadi inayong'aa mrudishie kwa heshima.

Usiku ndo wa simu. Huku tuko nyuma ya nyumbani kwa masaa mawili, kwa hiyo nikitoka mesi saa mbili usiku kwao ni saa nne na watoto wameshalala. Nikitaka kuwasikia lazima niibe muda jioni, na jioni ndo muda wa karatasi, basi kuna siku naongea nao dakika chache nyuma ya kontena huku intaneti inakatika. Mke wangu ananisimulia maamuzi aliyoyafanya, amebadilisha fundi, amemhamisha mtoto darasa la jioni, na anayasimulia kama taarifa, haombi ruhusa. Mwanzoni iliniuma kidogo. Sasa naona ameshika lindo la nyumbani mwaka mzima peke yake bila mtu wa kumpokea zamu. Koplo mmoja mkubwa wetu ambaye hii sio misheni yake ya kwanza alinishauri, ukifika usipange chochote wiki za mwanzo, kaa, angalia nyumba inavyokwenda, uliza vitu viko wapi. Nimepanga kufanya hivo.

Na kwa wanaotupokea, nawaomba jambo la afya. Vidonge vya kinga ya malaria haviishi siku ya kupanda ndege. Tunaotumia doksisaiklini tunatakiwa kuendelea wiki nne baada ya kutoka eneo lenye malaria, kila siku, na wengi wanaacha kwa furaha ya kufika. Mkumbushe mumeo, mkumbushe mkeo, mkumbushe mwanao. Akipata homa hata baada ya hapo asijitibu kwa kunywa panadoli alale, aende hospitali na aseme wazi ametoka misheni wapi. Na akiwa kimya sana, au anaamka usiku kukagua milango, msimzonge na maswali ya vita, ila akiendelea hivo wiki na wiki muende naye kwa daktari, kikosini wapo na kuzungumza nao hakumpunguzii mtu cheo.

Kesho doria inatoka kama kawaida. Kundi la utangulizi la wanaokuja kutupokea likishatua, nimeomba kwa kamanda nipande gari moja na sajenti wao, amekubali, na kituo cha kwanza nitakachomshusha ni pale kwa mama wa karanga, amsalimie, ajue jina lake, na yeye mama ajue la kwake. Kabla ya hapo nina sehemu ya madaraja ya kumalizia kwenye maelezo yangu, mvua ya juzi imeliharibu moja na nilichoandika wiki iliyopita hakifai tena, lazima nirudi pale nikalipime upya.