Nimeletwa na bodaboda

Tumerudi salama, mliokuwa mkiuliza. Mdogo wangu na wifi yenu mbele, mimi na Mzee nyuma. Picha za daraja la Malagarasi nitaziweka nikipata bando. Leo kuna neno limenikaa kooni.

Tuliingia Ujiji jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee hata hajashuka vizuri, baba mkubwa akamuuliza:

"Mmekuja na treni?"

"Treni ya nini. Nimeletwa na bodaboda."

"Boda gani huyo wa kutoka Tabora mpaka huku?"

"Si huyo hapo, anavua helmeti."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikasema nauli bado hajalipa, wakazidi kucheka. Basi, yakaisha. Kwao.

Mimi nimelala nalo, nimeamka nalo. Zaidi ya kilomita 400 na mtu mgongoni! Pikipiki yenyewe nimeinunua kwa hela ya asali, na mnakumbuka maneno niliyoambiwa nilipotaka kujifunza. Kila kituo Mzee ananitajia utadhani bado yuko kazini reli: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka. Uvinza ametaka tusimame anunue chumvi, tukasimama. Njia nzima ameshika keria. Kunishika mimi, hapana.

Angesema tu "binti yangu". Neno zima si ndiyo hilo?

Kesho yake tukaenda pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kwenye miembe. Ndipo Stanley alipomkuta, Novemba 10, 1871. Stanley huyo alitoka kwetu Tabora akazunguka kusini kukwepa vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo. Sisi tumekatiza Urambo penyewe, tena tumekunywa chai na vitumbua. Wifi anapiga picha, Mzee amesimama mbele ya sanamu za wale wawili, mikono nyuma. Akauliza kwa sauti, "Na wapagazi wako wapi? Wanyamwezi waliobeba mizigo yote hiyo, mbona hawamo?"

Nikataka kumjibu: yuko nje, Mzee, anaangalia mnyororo. Nikameza.

Mengine mtayaona kwenye picha: tumeona ziwa, tumekula migebuka mpaka wifi akasema basi, mdogo wangu amepigiwa simu ya uhamisho wa Mpanda tukiwa palepale mwaloni, na nyumba nzima sasa inanukia mawese.

Kurudi nilikuwa nimenuna, nakiri. Nilijibu "ndiyo" na "hapana" mpaka Malagarasi. Mvua ilitukuta mbele kidogo ya Kaliua, tone kubwakubwa, barabara ikaanza kuteleza, na hapo nikasikia mkono umeacha keria ukashika koti langu ubavuni. Hakusema kitu. Nikapunguza mwendo. Mvua ikakata, mkono ukabaki.

Tulipofika nyumbani nikasimamisha, nikangoja ashuke. Nyie mnaobeba watu mnajua: abiria akishuka, shokapu inainuka, unasikia mpaka kiunoni. Nikangoja niisikie. Nikageuka, kumbe Mzee yuko mlangoni kitambo, anahangaika na kufuli. Alishuka, na pikipiki haikuinuka hata kidogo.

Huyu ni mtu aliyekuwa akibeba gunia la karanga bega moja toka stesheni.

Nimemuuliza mama kama anakula vizuri. Kasema anakula, ila usiku anaamka amelowa jasho, na hakutaka tuambiwe. Jumatatu nampeleka hospitali, atake asitake, na nitampeleka kwa hiyohiyo boda yake.

Na juu ya yote hayo, yule mteja wa Mwanza kanitumia ujumbe saa tano usiku: asali imeganda, eti nimemchanganyia sukari, anataka hela yake yote. Ndoo sita. Hela yenyewe nimeshaiweka kwenye tairi.