Kipupwe Dodoma: wasubiri ndege kwenye lambo

Kuanzia Juni hadi Agosti mibuyu imepukutisha majani na upepo unavuma mchana kutwa. Usihangaike kuwafuata ndege porini. Keti kwenye lambo. Maji yamekuwa machache, watakuja wenyewe.

Jua huchomoza karibu saa 1 kasorobo asubuhi, kwa hiyo saa 12 na nusu uwe umeshatulia, na sweta mwilini. Kaa mashariki ya maji, jua likupige mgongoni. Ukikaa magharibi utaona weusi mtupu. Usisogelee ukingo: jibanze nyuma ya mgunga, hatua 40 hivi, kwa nguo za rangi ya udongo.

Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inafaa kuliko ya 10x42, maana upepo hutikisa mikono na ya 10 hukuza hata mtikisiko. Irekebishe nyumbani: ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri, kisha ziba ya kushoto, gurudumu usiliguse, zungusha pete ya jicho la kulia. Wengi huiruka hatua hii, kisha kichwa kinawauma. Vumbi la huku lina mchanga: puliza kwanza ndipo ufute, la sivyo lenzi itachubuka.

Cherero, kasuku mdogo, hujitangaza kwa kelele: kichwa cheusi, mdomo mwekundu, shingo ya njano, duara jeupe kuzunguka jicho. Ni ndege wa kwetu hasa, asili yake Tanzania.

Firigogo, ndege wa nchi kavu mwenye umbo kama la njiwa, huja jua likishapanda kidogo. Hutua mbali na maji, hukagua, kisha hutembea. Ukiinua darubini kwa pupa wataruka wote. Njiwa hufyonza maji bila kuinua kichwa, firigogo hunywa na kukiinua. Firigogo dume akichuchumaa majini na kujitikisa, usimwondolee macho: analowanisha manyoya ya tumbo, yanayoshika maji kama sifongo, ili makinda wake wakayanywe hukohuko waliko. Kwangu mimi, kipupwe hakina kitu kizuri kuliko hiki.

Saa 4 hivi joto huanza kuchezesha taswira, na ng'ombe huwasili. Wasalimie wafugaji na uwaulize lambo gani bado lina maji. Wao ndio wanaojua. Mbayuwayu wa Ulaya usimtafute miezi hii, yuko kwao. Ndege wa majini wafuate bwawa la Hombolo, kaskazini mashariki ya mji, siku nyingine.